Paa Moja, Mama Wawili

Asembo Bay
14 Machi 1988

Kwa Bwana Enock Walubengo,
Mchora Ramani za Nyumba, Kisumu

Bwana Walubengo,

Nakusalimu. Jina lako nimepewa na mwalimu mmoja wa Maseno uliyemtengenezea nyumba. Anasema milango yake yote inafunga, na hilo ndilo lililonivutia. Mimi ni Walter Obiero, karani mstaafu wa meli za hapa ziwani. Nimepakia na kupakua mizigo ya watu maisha yangu yote bila kupoteza hata gunia, lakini bomani mwangu nimeshindwa.

Nina wake wawili. Wa kwanza ni Rosa, Mama Ouma. Wa pili ni Apiyo, Mama Lornah. Kila mmoja ana nyumba yake kama desturi yetu inavyotaka, na katikati kuna uwanja. Hawa wawili hawajasemezana tangu mazishi ya mama yangu. Siku hiyo kuni za Mama Ouma zilikutwa zimelowa maji, chakula kikachelewa, na wageni wakaandaliwa kwanza kwa Mama Lornah. Mke wa kwanza akapitwa mbele ya askofu! Tangu hapo uwanja huo nauvuka mimi. "Mwambie kuku wake wasije kwangu." Navuka. "Mwambie kuku hawajui mipaka." Narudi. Nimestaafu ukarani nikawa posta.

Sasa miguu imechoka na macho yanafifia. Nataka nyumba ya Mama Ouma ipanuliwe iwachukue wote wawili, mmoja huku, mwingine kule, sebule moja katikati na mlango mmoja wa mbele. Mtu akipita mbele ya mwenzake kila asubuhi na beseni mkononi, atasalimia tu, apende asipende. Sitaki kufa kabla sijawasikia wakisemezana. Ni hilo tu, hakuna jingine.

Lakini sikiliza. Wake wawili chini ya paa moja ni jambo ambalo kwetu halifanywi. Kwa hiyo Mama Ouma nimemwambia tunapanua nyumba yake. Mama Lornah nimemwambia tunamjengea mpya. Ukija kupima, pima tu. Mdomo usiufungue ila kwa kula.

Wako,
Walter Obiero


Kisumu
2 Aprili 1988

Mzee Obiero,

Shikamoo, na asante kwa mapokezi. Maagizo yako niliyafuata, hasa lile la mdomo. Kwa Mama Ouma nilikula samaki mzima na ugali. Nilipovuka uwanja na tepu yangu, Mama Lornah alikuwa ameshaandaa meza. Nikajaribu kusema nimeshiba. Akaniuliza, "Umeshibia wapi?" Nikaona heri nile. Ukuta wa mashariki niliupima nikiwa nimeuegemea, kwa hiyo vipimo vya upande huo nitarudi kuvihakikisha.

Nyumba ya Mama Ouma ni imara, ila paa linavuja katikati. Nilipoiulizia ndoo iliyo chini yake, Mama alisema ndoo hiyo ni mwenyeji kuliko mimi.

Nimefikiria hivi. Mama Lornah huamka alfajiri kwenda ufuoni kununua samaki, basi chumba chake kiwe mbele, kitazame lango, asisumbue watu. Mama Ouma ndiye mkubwa na anastahili utulivu, basi chake kiwe nyuma, penye upepo wa ziwa. Nakuambatishia mchoro.

Nikiri pia kwamba mimi ni Mbukusu niliyelelewa katika nyumba za reli kule Nakuru. Nikikosea jambo la desturi, tafadhali unirekebishe.

Wako mtiifu,
Enock Walubengo


Asembo Bay
9 Aprili 1988

Bwana Walubengo,

Mke wa kwanza nyuma? Mke wa kwanza hutazama lango, mtu yeyote akiingia amwone yeye kwanza! Mama Ouma akiuona mchoro huu, mimi na wewe tutalala nje na ng'ombe. Nimeuchoma kwenye jiko, na hata kuuchoma nimeuchoma nikitazama nyuma yangu.

Mambo mengine ya desturi usijali. Chora, ukikosea nitakwambia. Macho yangu bado yanaona makosa ya mtu mwingine vizuri.

W. Obiero


Asembo Bay
20 Aprili 1988

Mwanangu Walubengo,

Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Ouma, yule uliyekula samaki wake ukaacha miiba peke yake. Barua hii inaletwa na mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Kisumu, kwa hiyo Baba Ouma haijui na usimwambie.

Ameniambia ananipanulia nyumba. Nimesema asante. Lakini mwanangu, huyu ni mwanamume ambaye kuezeka choo kulimshinda mwaka mzima. Leo ghafla anamwita mtu wa ramani kutoka mjini? Kuna kitu. Nimenyamaza, lakini namtazama.

Ombi langu ni moja. Ule ukuta wangu wa upande wa uwanja usiwe na dirisha, hata tundu la mjusi kupita. Sitaki kuona kinachoendelea ng'ambo. Usifikiri nina chuki. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani na nimeshawasamehe watu wote. Ni kuwaona tu sitaki.

Mungu akubariki akupe mke.

Mama yako,
Rosa Obiero


Asembo Bay
23 Aprili 1988

Bwana Mchoraji,

Habari ya kazi. Hiyo omena, dagaa wetu wa ziwani, iliyo kwenye karatasi ni yako. Kaanga na nyanya nyingi, usiichemshe bure bure kama mtu asiye na dada. Nimekuja sokoni Kisumu nikaona nipitie ofisini kwako, nikakuta umetoka, ndiyo maana naandika nikiwa nimesimama.

Baba Lornah anasema mtanijengea nyumba. Mimi nataka kitu kimoja, dirisha kubwa upande wa uwanja, la kutazama moja kwa moja kwa Mikayi. Mikayi ndivyo tunavyomwita mke wa kwanza. Nikiwa napika nione mlango wake.

Mimi si mpelelezi! Ni vile tangu tuache kusemezana sina habari zake. Juzi amekohoa usiku kucha na mimi nimelala macho namsikia. Nilipomuuliza Baba Lornah, akasema, "Yuko tu." Hiyo ni habari? Kwenda mwenyewe siwezi. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kuanza. Mdogo akianza ataonekana amekubali makosa, na mimi zile kuni sikuzimwagia maji.

Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kupika nilipoolewa. Kunyamaza huku kunaniuma, basi tu.

Mzee asijue nimekuja.

Apiyo, Mama Lornah


Kisumu
2 Mei 1988

Mzee Obiero,

Nina shida na ukuta. Siwezi kusema nimeambiwa na nani, lakini nimeombwa upande wa uwanja usiwe na dirisha hata kidogo, na nimeombwa upande huo huo uwe na dirisha kubwa. Chuoni hatukufundishwa ukuta wa namna hiyo.

Mzee, naomba kwa heshima. Waambie ukweli. Kila ninapokuja bomani najiona kama mtu anayechimba mtego kwenye njia ya watu wanaompa chakula.

Enock Walubengo


Kisumu, hospitalini
16 Mei 1988

Bwana Walubengo,

Mkono huu ni wa mwanangu Ouma, maneno ni yangu. Madaktari wamenipasua jicho na wamenifunga yote mawili kitambaa, hata uji nalishwa.

Ukweli utasemwa, ila si na mimi. Nimefikiri sana humu gizani. Chora picha ya nyumba kwa nje, uipake rangi, iwe nzuri mpaka mtu atamani kuingia. Tengeneza moja tu, si mbili. Ipeleke bomani kwa jina la mama wote wawili. Najua wake zangu. Hakuna atakayemwachia mwenzake aifungue kwanza, kwa hiyo itabidi waketi pamoja. Wakishaiona itawaingia moyoni, na nikirudi tutazungumza kama watu wazima.

Mimi sitakuwepo. Kwani unadhani kwa nini nimechagua wiki hizi za kupasuliwa?

(Bwana Walubengo, mimi Ouma nimemwambia Baba hili jambo halitaisha vizuri. Amesema niandike nilichoambiwa.)

W. Obiero


Kisumu
24 Mei 1988

Kwa Mama Ouma na Mama Lornah,

Mama zangu wapendwa, poleni na kazi. Mzee bado yuko hospitalini, na ameagiza picha hii iwafikie ninyi wawili, muifungue pamoja.

Hivi ndivyo boma litakavyokuwa kuanzia sasa. Ukuta ni ule ule wa Mama Ouma, ila nyumba imeongezwa pande zote mbili. Kitu kimoja nimekiondoa kabisa. Kile kijiti kilichochomoza juu kileleni mwa paa ndicho kilichokuwa kikipitisha maji ndani. Sasa paa ni safi na halitawasumbua tena.

Najua mabadiliko haya si madogo. Nawaomba mlipokee jambo hili kwa utulivu na kwa umoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya Mzee.

Mwana wenu,
Enock Walubengo


Asembo Bay
30 Mei 1988

Bwana Walubengo,

Nakuandikia nikiwa marehemu.

Umenifanyia nini, kijana? Kile ulichokiita kijiti kinaitwa osuri. Kinawekwa juu ya nyumba ya mke wa kwanza. Kikiwa juu ya paa, mwenye boma yu hai. Siku anapokufa kinaondolewa, na mtu akipita njiani anajua bila kuambiwa. Mtoto wa kuchunga mbuzi anajua! Wewe umewapelekea wake zangu picha ya rangi ya nyumba yao bila osuri, ukawaambia niko hospitalini, ukawaomba wawe watulivu, ukamalizia na matakwa ya Mzee. Walifikiri umetumwa na watoto kuwaambia polepole, kwa njia ya watu wa mjini.

Mimi sijui lolote. Nimefunguliwa macho, nimepanda basi na Ouma, nimeshuka sokoni nikiwa na furaha ya mtu anayeona tena majani. Mwanamke wa kwanza kuniona aliangusha karai la samaki. Wa pili alikimbia. Mzee Ochieng, tuliyefanya naye kazi melini, alinishika mkono, akaubonyeza, kisha akaniambia, "Walter, kwako wanalia." Nikamuuliza wanamlilia nani. Akaubonyeza mkono tena.

Nilifika langoni. Boma lilikuwa limejaa watu. Chini, mbele ya nyumba ya Mama Ouma, niliwaona wawili hao kwenye mkeka mmoja. Mkeka mmoja, Walubengo! Mama Ouma alikuwa amelegea, kichwa kwenye bega la Mama Lornah, na Mama Lornah alikuwa anamfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Kisha nikasikia sauti zao. Walikuwa wanabishana ng'ombe yupi achinjwe. Mama Ouma alisema yule mweusi, Mama Lornah akasema mweusi ana mimba, Mama Ouma akasema kweli, asante kunikumbusha.

Asante kunikumbusha! Nilishika nguzo ya lango nikalia kama mtoto, na daktari alikuwa amenikataza kulia. Ouma alitaka tuingie mara moja. Nikamzuia. Niliogopa wakiniona watanyamaza tena. Nilitamani niendelee kufa angalau mpaka jioni.

Lakini mbwa wangu hakujua kwamba nimekufa, akaja akinirukia. Basi. Watu walitawanyika, wengine wakiruka ua. Mama Lornah alizirai. Mama Ouma hakuzirai, alivua kiatu. Alinipiga nacho huku akilia na kumshukuru Mungu, yote kwa pamoja.

Sasa sijui nikushtaki au nikuombee. Kwa leo nimekukasirikia. Niandikie kesho kutwa.

W. Obiero
(yu hai)


Asembo Bay
12 Juni 1988

Kwa Walubengo,

Anayeandika ni mimi Rosa. Mwenzangu ameketi hapa ananiambia nisiandike kwa ukali. Nimemwambia kalamu ni yangu.

Tumekusamehe la osuri, kwa sababu Mzee ametuambia ulilelewa katika nyumba za reli, na huko hamna wa kukufundisha. Lakini machozi yalipokauka tuliitazama tena ile picha. Tukaona mlango wa mbele ni mmoja. Tukaona madirisha ya vyumba pande zote mbili. Mama Lornah akasema, "Mikayi, hiyo nyumba yangu mpya iko wapi?" Mimi nikasema, "Na hivi vyumba vya wageni wangu mbona vina bomba la pili la moshi wa jiko?" Tukatazamana. Mzee alikuwa anapita uwanjani akageuka akarudi alikotoka.

Kwa hiyo sikiliza sisi sasa. Nyumba hiyo haijengwi. Mimi nabaki kwangu, yeye anabaki kwake, na uwanja unabaki ulipo. Osuri haiguswi, na paa likivuja ndoo ipo. Tumegombana, ndiyo, lakini hatukumtuma mtu atufungie zizi moja kama ndama.

Mchoree yeye. Karibu na zizi la ng'ombe, mahali mwenye boma huwa na kibanda chake cha kupokea wazee wenzake, pale ujenge chumba kimoja kizuri cha matofali chenye baraza. Akae huko atulie. Tukimhitaji tutamwita.

Mama Lornah anasema niongeze kwamba dirisha lake bado analitaka, hata nyumba ya zamani inaweza kutobolewa. Nimemuuliza la nini, akaniambia. Kumbe alinisikia nikikohoa. Mimi nilifikiri ng'ambo ile hakuna anayejua kama nipo.

Mtobolee dirisha. Na mimi unitobolee ukuta wangu, madirisha yakabiliane.

Mzee asijue kwamba tumekuandikia.

Rosa, na Apiyo


Kisumu
20 Juni 1988

Mzee Obiero,

Nashukuru Mungu kwamba u hai, na nakuomba radhi kwa mara nyingine. Nilikwenda kwetu Kimilili kumweleza mama yangu, Nabalayo, yaliyotokea. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameweka mkono kichwani. Kisha akanitoa nje, akanionyesha juu ya paa lake mwenyewe. Mzee, kijiti kama kile kipo hata kwetu. Nimelala chini yake kila likizo tangu utoto bila kukiuliza. Baba aliposikia naye alitoka kuhakikisha kwamba sijakigusa.

Ile ramani ya kwanza nimeifuta. Nakuletea mpya. Ni chumba kimoja, baraza pana, karibu na zizi. Pia kuna madirisha mawili ya kutobolewa katika nyumba zilizopo. Nimeelekezwa na watu ambao siwezi kuwataja, na nadhani hatuna nguvu ya kuwapinga, mimi na wewe.

Enock Walubengo


Asembo Bay
8 Novemba 1988

Mwanangu Enock,

Chumba kimekwisha na nimehamia. Fundi amefanya vizuri, mlango unafunga. Baraza ni pana, wazee wenzangu wanakuja, na Ochieng bado kila akiniaga ananibonyeza mkono.

Nitakuambia ukweli. Wiki za kwanza nilinuna. Nilisema, tazama, mtu amewapatanisha wake zake, na zawadi yake ni kulala karibu na ng'ombe. Nilikuwa nakaa barazani nawaona wakivuka uwanja, huyu aenda kwa yule, yule aja kwa huyu, wanapitana na sahani. Mimi nimekaa hapa na fimbo yangu, sina kazi. Nilikuwa mtu muhimu sana katika ugomvi ule. Sikuwa nimelijua hilo.

Jana asubuhi wamegombana tena. Ni juu ya kamba ya kuanikia nguo. Mama Lornah ameanika shuka zake zikajaza kamba nzima, na Mama Ouma ametoka na sare za kanisa zinachuruzika maji hana pa kuziweka. Ulikuwa ugomvi mkubwa, Enock. Walisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, wakasemana tangu kamba mpaka kuni za mazishi ya mama yangu, mpaka askofu, mpaka mambo ya kabla sijamwoa huyu wa pili. Mimi nilinyanyuka kwenye kiti. Nilishachukua fimbo, nimeshavaa viatu, nasubiri ile, "Baba Ouma, mwambie."

Haikuja. Walimaliza wenyewe. Mmoja akasogeza shuka, mwingine akaanika sare zake, wakaenda kila mtu kwake wakiwa wamekasirika sana.

Nilirudi nikakaa. Nilivua viatu. Nilikaa pale barazani mpaka jua likawa juu, na hakuna mtu aliyenituma popote.

Baba yako,
Walter Obiero